Nani Atatia Sahihi?

Sura ya Tano

"Kazi ya kunukuu sauti bado inalipa, au mashine imeshaimaliza?" Swali hili huulizwa na kijana aliyemaliza chuo akakosa ajira, mwenye kompyuta mpakato ya mkopo na bando la wiki. Huulizwa pia na mama aliyesomea ukatibu mahsusi enzi za hati mkato, ambaye leo anaona simu ya mjukuu wake inaandika yenyewe mtu akiisemesha. Kunukuu, kwa maana ya sura hii, ni kusikiliza sauti na kuiweka katika maandishi neno kwa neno, na afanyaye hivyo tutamwita mnukuzi. Wanukuzi wako wa namna nyingi, ila wawili ndio wakongwe. Yuko mnukuzi wa kitabibu, anayeandika yale daktari aliyoyasema kwenye kinasa sauti baada ya kumwona mgonjwa, na yuko mnukuzi wa mahakama, anayeandika kila linalotoka kinywani mwa shahidi, wakili na jaji.

Majibu ya haraka hayakosekani. Muuza kozi atakwambia kazi ipo tele, lipa ada uanze. Mpenzi wa teknolojia atakwambia kazi imekufa, katafute nyingine. Wote wawili wanakosea kwa sababu moja: wanadhani ni kazi moja yenye majina mawili. Kwa nje ni kweli zinafanana, kwani zote ni za masikio na vidole. Lakini nchini Marekani, ambako zilikua zikawa taaluma kamili zenye vyuo na vyeti, moja imekuwa ikididimia kwa miaka mingi huku nyingine ikitafuta watu na kuwakosa. Mashine zinazosikia sauti ni zilezile pande zote mbili, kwa hiyo tofauti hii haiwezi kuelezwa kwa ubora wa mashine peke yake.

Herufi ndogo chini ya ripoti

Tuanze hospitalini. Kwa miongo mingi daktari wa Marekani alimwona mgonjwa, akatoka, akachukua kinasa sauti na kusema harakaharaka: umri, malalamiko, vipimo, dawa. Sauti ilikwenda kwa mnukuzi, aliyekaa na hedifoni masikioni na pedali mguuni ya kusimamisha na kurudisha sauti nyuma. Malipo mara nyingi yalihesabiwa kwa mstari, na mstari ulikubaliwa kuwa na herufi 65, nafasi zikiwemo. Chini ya ripoti paliwekwa alama ndogo ambayo wagonjwa hawakuijali: herufi za mwanzo za majina ya daktari kwa herufi kubwa, mkwaju, kisha herufi za mnukuzi kwa herufi ndogo. Alama hiyo inasema mengi kuhusu yaliyokuja baadaye. Mwenye ripoti alikuwa daktari. Yeye ndiye aliyeisoma, akaikubali na kuitia sahihi, na likitokea la kutokea yeye ndiye aliyeulizwa kwanza. Mnukuzi alikuwa mkono wake tu.

Mkono wa kukodi hubadilishwa bila mwenye mwili kuumia. Kwanza kazi ilipelekwa India na Ufilipino, ambako mstari uleule uliandikwa kwa senti chache zaidi. Kisha mwaka 2009 Marekani ilipitisha sheria ya kuzipa hospitali na madaktari fedha za motisha ili wahamie kwenye kumbukumbu za kielektroniki, yaani faili la mgonjwa lililo ndani ya kompyuta badala ya karatasi. Daktari akaanza kubofya na kuandika mwenyewe, na mara nyingi aliishia kufanya hivyo usiku akiwa nyumbani. Wakati huohuo programu za kutambua sauti zikakomaa, mnukuzi akageuzwa msahihishaji wa rasimu ya mashine, na kwa kuwa kusahihisha kulionekana kazi nyepesi, malipo ya mstari yakashushwa. Mwaka 2021 Microsoft ilitangaza kuinunua Nuance, kampuni iliyotamba kwa programu za sauti za hospitali, kwa dola bilioni 19.7. Sasa kuna mifumo inayosikiliza maongezi ya daktari na mgonjwa moja kwa moja na kuandaa ripoti kabla mgonjwa hajafunga mlango. Daktari anasoma, anarekebisha, anatia sahihi. Zile herufi ndogo zimeondoka, na ripoti kisheria imebaki vilevile.

Takwimu rasmi za Marekani zinakubaliana na simulizi hii: ofisi ya takwimu za kazi inatarajia ajira za wanukuzi wa kitabibu ziendelee kupungua. Kwa mwaka 2023 mshahara wa kati, yaani ule ambao nusu ya wafanyakazi hupata chini yake na nusu juu yake, ulikuwa takriban dola 37,000. Wa waandishi wa mahakama, ndio wale wanukuzi wa mahakama, ulikuwa takriban dola 64,000.

Vitufe 22 na maneno 225

Huko mahakamani mnukuzi hukaa mbele ya jaji, karibu na shahidi, na kifaa kidogo kisichofanana na kibodi ya kawaida. Kinaitwa stenotaipu, nacho kina vitufe 22 tu. Mwandishi habonyezi herufi mojamoja. Hubonyeza vitufe kadhaa kwa pamoja, kama mpiga kinanda anavyobonyeza sauti tatu kwa mkupuo, na kila mbonyezo ni silabi au neno zima. Ili apate cheti cha msingi cha chama chao cha kitaifa hana budi kuandika mahojiano ya maswali na majibu kwa kasi ya maneno 225 kwa dakika, usahihi ukiwa si chini ya asilimia 95. Kwa kulinganisha, matangazo ya kazi ya katibu mahsusi serikalini Tanzania yamezoea kudai hati mkato ya Kiswahili na Kiingereza ya maneno 100 kwa dakika, na kila aliyeifanyia mtihani anajua hata hiyo mia haikuwa mchezo.

Ugumu huo umefanya wanafunzi wengi waache njiani, vyuo vifungwe, na waliobaki kazini wazeeke. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya chama hicho miaka ya 2013 na 2014 ulitabiri kwamba kufikia 2018 Marekani ingepungukiwa na waandishi wapatao 5,500. Mfano unaoonekana wazi zaidi ni Los Angeles. Sheria ya jimbo la California inabana matumizi ya vinasa sauti katika kesi nyingi, kwa hiyo mwandishi akikosekana, kesi inasikilizwa bila kumbukumbu ya neno kwa neno. Mamia ya maelfu ya vikao vilikwisha namna hiyo. Mahakama ikatangaza zawadi ya kujiunga ya hadi dola 50,000 kwa mwandishi mpya, watu wakaendelea kukosekana, na Septemba 2024 ikatoa amri ya kuruhusu vinasa sauti katika baadhi ya mashauri ya familia, mirathi na madai pale ambapo haki ya msingi ingepotea na mwandishi hapatikani.

Msomaji makini atasema hapo ndipo kazi ilipokufa, kwani kinasa sauti kikishaingia, mwandishi ametoka. Historia inasema vinginevyo kidogo. Jimbo la Alaska limetegemea vinasa sauti mahakamani tangu mwaka 1960. Aliyeondoka huko ni mtu wa stenotaipu. Kazi ya kunukuu haikuondoka, kwa sababu mtu akitaka kukata rufaa, sauti ile hugeuzwa maandishi, na ukurasa wa mwisho hubeba uthibitisho wa mtu mwenye jina kwamba maandishi haya ndiyo yaliyosemwa. Kilichobadilika ni chombo, saa za kazi na malipo.

*Kwa ufupi hadi hapa:* hospitalini ripoti ina mwenyewe, ambaye ni daktari, na mnukuzi alikuwa msaidizi wake. Mahakamani kumbukumbu haitakiwi kuwa ya upande wowote wa kesi, kwa hiyo lazima pawe na mtu wa kando wa kuithibitisha.

Dhamana ndiyo inayonunuliwa

Hii ndiyo hoja ya sura nzima. Tunadhani mnukuzi hulipwa kwa kuandika, kama ambavyo mtu angedhani mthamini hulipwa kwa kuzungukazunguka nyumba. Kinacholipiwa hasa ni dhamana, yaani kusimama nyuma ya maandishi na kusema: nimesikia mimi, nimeandika mimi, yakiwa si kweli niulizeni mimi. Pale ambapo dhamana hiyo ni ya mtu mwingine, uandishi unabaki kazi ya mikono, na kazi ya mikono hushindana na mashine kwa bei. Pale ambapo dhamana ni ya mnukuzi mwenyewe, mashine inamsaidia kwa kumwandalia rasimu, ila haiwezi kuitwa kizimbani wala kunyang'anywa leseni.

Uzito wa dhamana huonekana siku mambo yanapoharibika. Mwaka 2012 huko Alabama, juri, yaani raia walioteuliwa kuamua kesi, liliipa familia ya marehemu mmoja fidia ya dola milioni 140. Daktari alikuwa ametamka kipimo cha insulini cha uniti 8. Maandishi yaliyorudi kutoka kwa wanukuzi wa ng'ambo, ambao hospitali iliwafikia kwa kupitia wakala juu ya wakala, yalisema 80. Sifuri moja. Mgonjwa alipewa kilichoandikwa. Kazi ilikuwa imegawanywa vipandevipande hadi kila mkono uliogusa karatasi ukaamini kwamba mkono mwingine ndio uliohakiki.

Mashine nazo zina kosa la aina yake. Programu ya Whisper, iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022 na ambayo imeingizwa ndani ya huduma nyingi za kunukuu, ilichunguzwa na watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2024. Waligundua kwamba katika takriban asilimia moja ya vipande vya sauti, programu ilibuni maneno au sentensi ambazo hakuna aliyezisema, na zaidi ya theluthi moja ya hayo yaliyobuniwa yangeweza kuleta madhara, kwa mfano kumtaja mtu kwa ukatili asioufanya. Ubunifu ulizidi pale msemaji aliponyamaza kwa muda. Asilimia moja inasikika ndogo, na kwa anayenukuu hotuba ya harusi ni ndogo kweli. Mahakamani mambo ni mengine, maana shahidi anaponyamaza baada ya kuulizwa alikuwa wapi, ule ukimya ni sehemu ya ushahidi. Mwandishi mzuri huuandika kwenye mabano. Mashine inayouona ukimya kuwa pengo la kujazwa imevuka kutoka kusikia kwenda kutunga, na inatunga kwa sentensi nyoofu zisizomtia msomaji shaka yoyote. Mnukuzi mchovu akikosea huacha neno lisilo na maana, na neno kama hilo huonekana.

"Lakini hata binadamu hukosea"

Pingamizi hili ni la haki na halifai kujibiwa kwa kejeli. Ile 80 iliandikwa na mtu. Na kuna utafiti wa mwaka 2019 unaopaswa kuwakosesha usingizi wanaosifu waandishi wa mahakama: waandishi wa Philadelphia, wote wenye vyeti vya usahihi wa asilimia 95, walisikilizishwa sentensi za Kiingereza kinavyosemwa na Wamarekani Weusi. Sentensi walizonukuu bila kosa zilikuwa chini ya 60 katika kila 100. Vyeti vilipima kasi yao kwa lugha ya redioni, wakati mashahidi wao walikuwa watu wa mtaani. Mashine nazo hazikuwa bora: utafiti wa mwaka 2020 juu ya mifumo ya kampuni tano kubwa ulikuta makosa ya wastani wa maneno 35 katika 100 kwa wasemaji Weusi, na 19 kwa Weupe.

Kwa hiyo hoja ya dhamana haisemi kwamba binadamu ni sahihi kuliko mashine. Inasema sahihi ya mtu ina thamani pale tu mtu huyo anapoijua kweli lugha ya anayesema, kwa lafudhi yake na mazoea yake ya mtaani. Hapo ndipo pa kuwekeza. Anayetumia miaka miwili kuongeza kasi ya vidole anashindana na chombo kisichochoka. Anayejua kwamba neno fulani likitamkwa na mtu wa Kigoma lina maana tofauti na likitamkwa na mtu wa Pemba, huyo ana kitu cha kuuza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: tuseme dhamana inabaki, je, si mtu mmoja ataweza kutia sahihi rasimu za mashine zilizokuwa zikiandikwa na watu kumi? Ndiyo. Hilo halina ubishi, na anayekuahidi kwamba idadi ya ajira itabaki kama ilivyokuwa anakudanganya. Kunukuu saa moja ya sauti safi humchukua mtu mzoefu saa kama nne, na rasimu nzuri ya mashine hupunguza saa hizo sana. Nafasi zitakuwa chache, zenye masharti magumu zaidi.

Akampiga au hakumpiga

Huku kwetu mambo yana sura nyingine. Taaluma ya mnukuzi wa kitabibu haikuwahi kuota mizizi. Daktari na tabibu wameandika kwa mkono kwenye faili, kwa mwandiko ambao wahudumu wa duka la dawa wanausoma kwa karama, na sasa hospitali nyingi zinahamia kwenye kompyuta moja kwa moja. Anayelipia kozi ya unukuzi wa kitabibu ili aje kuajiriwa hapa anajiandaa kwa kazi isiyokuwepo.

Mahakamani, kwa muda mrefu, mwandishi alikuwa hakimu mwenyewe. Shahidi anasema, hakimu anaandika kwa mkono, na wakili anajifunza kusubiri kalamu ifike kabla ya kuuliza swali linalofuata. Baadaye mpiga chapa huuchapa mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa na kutokea. Mwenendo huo ndio uhai wa rufaa, kwa kuwa majaji wa rufaa hawakumwona shahidi akitokwa jasho. Wana karatasi tu. Nchini Tanzania kanuni za Mahakama ya Rufani zinatoa siku 60 za kufungua rufaa ya madai tangu taarifa ya rufaa iwasilishwe, na kwa kuwa nakala ya mwenendo huchelewa, msajili anaruhusiwa kutoa cheti cha kuziondoa kwenye hesabu siku zilizotumika kuiandaa. Nchi ikiwa na cheti rasmi cha kuchelewa kwa uchapaji, ujue uchapaji ni tatizo.

Ndiyo maana mashine imepokewa kwa furaha. Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, na Mahakama ya Tanzania imeanza kutumia mfumo wa akili mnemba, yaani kompyuta iliyofundishwa kwa mifano mingi hadi itambue mwenendo wa lugha, wa kunukuu na kutafsiri kati ya Kiswahili na Kiingereza. Ni hatua njema kwa hakimu mwenye mkono unaouma. Lakini tazama kinachoweza kutokea kwa karibu. Shahidi anayemeza herufi h, kama wengi wafanyavyo, anasema kwa haraka "akumpiga". Amekana. Mfumo ukiisikia u kama a, kumbukumbu itasoma "akampiga", na ukanusho umegeuka tuhuma kwa irabu moja. Au shahidi anasema tukio lilikuwa saa mbili usiku, na tafsiri ya haraka inaiweka kuwa saa nane usiku kwa hesabu yetu, kwa kuwa imechukua namba mbili na kuihesabu kwa saa ya Kizungu. Mshtakiwa aliyekuwa na mashahidi wa kuthibitisha alikuwa wapi mwanzo wa usiku sasa anatakiwa kueleza alikuwa wapi watu wakiwa wamelala.

Atakayesema kwamba huku mwenye sahihi ni hakimu, kwa hiyo kwa mantiki ya sura hii mnukuzi hana nafasi, amenibana pazuri. Ni kweli hakimu ndiye daktari wa mfano wetu. Tofauti ni kwamba daktari hurekebisha ripoti ya dakika kumi aliyoisema mwenyewe, ilhali hakimu atakabidhiwa kurasa mia mbili za maneno ya watu wengine. Hatazisoma zote kwa kuisikiliza sauti upya. Atamhitaji mtu wa kufanya hivyo, na mtu huyo, aitwe karani au mhakiki, ndiye mnukuzi kwa jina jipya. Haijulikani kama atapewa cheo na malipo yanayolingana na uzito huo. Mimi sina matumaini makubwa ya haraka. Mahakama zetu zimezoea kuuona uchapaji kama kazi ya chini.

Kazi ya dakika

Limebaki soko ambalo vijana wengi ndilo wanalolifikiria wanapouliza: kunukuu mtandaoni kwa kampuni za nje, malipo kwa dakika ya sauti. Kenya ndiyo iliyolikumbatia zaidi, na mpango wa serikali wa Ajira Digital, ulioanza mwaka 2016, uliiweka kazi ya kunukuu miongoni mwa stadi za kufundishwa. Kwa kipimo chetu, hii ndiyo kazi dhaifu kuliko zote. Sauti inakatwa vipande, mnukuzi hajui kesi ilianzia wapi, jina lake halionekani popote, na anayetia sahihi yuko bara jingine. Ni ile kazi ya herufi ndogo, bila hata hizo herufi. Tena sauti hizo kwa kawaida ni za Kiingereza, lugha ambayo mashine zimelishwa zaidi: kati ya saa 680,000 za sauti zilizofundishia Whisper ilipotoka, lugha nyingine zote 96 kwa pamoja zilipata takriban saa 117,000.

Mlango ulio wazi zaidi uko upande wa pili wa hesabu hiyo. Watafiti wa afya, kilimo na elimu wanarekodi mahojiano kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kisukuma, Kijaluo, Kigiriama au Sheng, na huyahitaji kwa maandishi na mara nyingi kwa tafsiri. Mabunge yanahitaji watu wa Taarifa Rasmi, kumbukumbu ya mijadala neno kwa neno. Kabla ya kukubali kazi ya namna hii, mambo matatu ni ya kuuliza:

- Jina la nani litakuwa kwenye maandishi ya mwisho, na nani atawajibika yakipingwa?
- Naanza na sauti, au na rasimu ya mashine?
- Lugha ni ipi, lafudhi ni ya wapi, na wasemaji ni wangapi?

Swali la pili ndilo linalowaumiza wengi. Rasimu ya mashine huletwa kama zawadi, na bei inakatwa nusu kwa sababu yake. Kama sauti ni ya kikao cha watu wanane chini ya mwembe, huku kuku wanalia na mvua inagonga bati la jirani, rasimu hiyo itakula muda mrefu kuliko kuandika upya, kwa kuwa kila sentensi inayosomeka vizuri italazimu kusikilizwa mara mbili kuona kama kweli ilisemwa. Omba dakika tano za katikati ya sauti, zisiwe za mwanzo ambapo kila mtu hujitambulisha taratibu, uzifanyie kazi kwa saa mkononi, ndipo utaje bei.